Manjano

"Linachemka lini?" Singano aliuliza
kabla hajagusa boneti,
mikono bado mifukoni mwa ovaroli.
"Likisimama foleni, au likikimbia?"
Nikajibu kwa haya, kama aliyevuliwa shati kliniki:
ni baada ya Pongwe,
njia ikianza kupanda kwenda Muheza.
Mshale unanyanyuka polepole
kama mgeni anayetaka kuaga
na anaogopa kukatiza mazungumzo.
Nazima redio. Nashusha vioo.
Likiunguruma hapa mlangoni, halina neno.

"Basi feni haina kesi," akasema,
akakunja kidole cha kwanza.

Ni Pijo 504, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo,
la marehemu baba, karani wa stesheni.
Kaka yangu Mbaruku ameshampata mtu wa chuma chakavu
atakayelipima kwa kilo.
Nimeomba wiki moja.

Singano akachomoa kijiti cha oili, akakifuta,
akakirudisha, akakichomoa tena:
nyeusi, nyeusi ya haki.
"Ningeona rangi ya chai ya maziwa hapa
ningekwambia muagane."
Moshi wa ekzosi mwembamba, hauna weupe.
Mkanda akaubonyeza kwa gumba, ukakataa kulegea.
Kisha bisibisi: ncha kwenye pampu ya maji,
mpini sikioni, macho kayafumba,
hapo hapo Barabara ya Kumi na Nne,
bodaboda zikimpigia honi mgongoni,
akasikiliza beringi mpaka nami nikabana pumzi.
"Haikohoi."

Mpira wa juu ulipata moto papo hapo tulipowasha.
Akaniuliza nani aliing'oa themostati.
Baba. Alisema, Tanga hii,
nani anahitaji mlango wa kuzuia baridi?
Singano akaguna. Marehemu hasemwi.

Akazima injini. Feni iliposimama
akapitisha kiganja juu ya rejeta
kama anayetafuta homa kwa mtoto aliyelala.
Moto. Moto. Halafu katikati,
upana wa vidole vinne,
baridi.
Akanishika mkono, akauweka pale.
"Hapa maji hayapiti."

Tukangoja lipoe, tukila mihogo ya kukaanga.
Mfuniko akaufungua kwa kitambaa, robo mzunguko,
rejeta ikashusha pumzi.
Akachovya kidole: kutu, kama nilivyotarajia,
na chini ya kutu, tope zito la rangi ya dhahabu.
Akalinusa. Akanitazama.
"Dada, humu mlipika?"

Segera. Mwaka wa harusi ya shangazi Mwanakombo.
Jiwe la lori lilitoboa rejeta, maji yakatuchora njia nzima,
mama akashuka na kapu lake la viungo
akamimina manjano, pakiti zima,
bila kumuuliza mtu.
Tundu likaziba. Tukafika na magoma hayajaanza.
Mchuzi wa harusi ukaliwa mweupe kama uji
na hakuna aliyethubutu kuuliza.
Tangu hapo baba akafanya mazoea:
kijiko kimoja kila Idi ikikaribia,
tundu au hakuna tundu.
Nilimwona. Nilikuwa nikimshikia faneli.

Miaka ishirini na kitu ya vijiko.

Singano akaing'oa rejeta, akaipeleka kwa fundi wa risasi
aifumue, aipige waya mshipa kwa mshipa.
Maji yaliyomwagika mtaroni yalikuwa ya njano
kisha ya udongo
kisha maji tu.
Elfu themanini, na themostati mpya, nimelazimishwa.

Jumapili nilipanda mpaka Muheza, nikarudi.
Mshale ulifika nusu ukakaa.
Sikuwasha redio.

Mama alikuwa barazani anachambua choroko.
"Wamelikuta na nini?"
"Kutu," nikasema. "Kutu tupu, mama."
Akatupa kijiwe uani, hakuinua macho.
"Mngetia manjano."